Mkono Chini ya Kikwembe

Zaina mwanangu,

Salamu ningekupa kwa mdomo, maana uko chumba cha pili tu. Lakini shangazi zako watatu wamekukalia kichwani wanakusuka, na kila nikichungulia mlangoni wananifukuza kama kuku aliyeingia kwenye unga. Basi nimekaa uani, kwenye kiti cha wateja, jua bado liko juu ya ukuta wa jirani, nakuandikia. Nasikia unavyolia, "Ayi, pole pole!" na shangazi mkubwa anavyokujibu, "Nyamaza. Kichwa cha bibi-arusi haiko cha kwake."

Mambo ya chumvi, ya kumwamkia mama mkwe, ya kuamka kabla ya watu wa nyumba, sitayagusa. Hayo wanakufundisha wao, wote pamoja na kwa sauti, na wawili kati yao waume zao walikimbia. Utachagua mwenyewe la kuchukua.

Mimi nina jambo moja. Jana tulipokuwa tunafunga masanduku nilikuletea kamera yangu, ile ya kukunja, na miguu yake mitatu na mpira wake wa kufinya wenye mrija mrefu. Ukaisukuma kwangu taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula asichokiomba. "Hapana, mama. Ibaki hapa. Mimi sina jicho. Zangu zote zinaharibika." Halafu ukaendelea kukunja nguo. Sikukujibu. Wewe unanijua: nikinyamaza, watu hudhani nimekubali, na mimi huwaacha wadhani hivyo.

Kesho kamyo, lori la mchele, inaondoka na wewe kwenda Kabambare kwa mume wako. Ninataka iondoke na kamera pia. Huko foto wanayoijua watu wengi ni ile ya kitabu cha Bulamatari, serikali ya Wazungu: shuka nyeupe nyuma, kidevu juu, usicheke, mwingine. Na wanawake wa nyumba zetu, ambao hawakai mbele ya mwanaume mgeni, hawana hata hiyo. Mama zao wakifa, sura inabaki kwenye midomo ya watu, na midomo ya watu unaijua: baada ya miaka mitano kila marehemu alikuwa mrefu na mweupe.

Unadhani mimi nilizaliwa na hilo jicho unalosema huna. Ngoja nikueleze.

Baba yako alijifunza kwa Mzungu mmoja wa pamba, aliyemfanya abebe miguu ya kamera toka kijiji mpaka kijiji, na aliporudi kwao Ulaya akamwachia ile kubwa ya sanduku kwa sababu ilikuwa nzito kwake, na kwa sababu mgongo uliozoea kuibeba haukuwa wake. Baba yako akafungua duka, akachora kile kitambaa chake cha nyuma chenye ndege ya kuruka. Ndege yenyewe hajawahi kuiona karibu, ndiyo maana ina madirisha kama ya misheni. Wanaume wakaja. Wanawake wa mtaa wetu wa msikitini hawakuja.

Siku moja kukawa na arusi kwa jirani. Mama wa bibi-arusi akaja mlangoni. "Foto tunataka," akasema, "lakini mwanaume haingii uani. Utafanya namna gani, fundi?"

Baba yako akafikiri. Akaingia uani kabla wanawake hawajatoka, akasimamisha kamera, akaweka kiti, na juu ya kiti akasimamisha ufagio badala ya bibi-arusi. Akaipima kamera mpaka ule ufagio ukaonekana kila unyasi wake. Kisha akaniambia, "Mama Zaina, bibi-arusi akae palepale pa ufagio. Wewe finya mpira tu." Wewe ulikuwa bado hujazaliwa, lakini alikuwa ameshaanza kuniita jina hilo, kwa matumaini. Akatoka, akasimama njiani nyuma ya ukuta, akaanza kupiga kelele za maelekezo. Watu waliokuwa wanapita wakasimama kumsaidia.

"Anyanyue shingo!"

"Asifumbe macho!"

"Mwambieni acheke kidogo, isiwe matanga!"

Bibi-arusi akaona jua linamchoma, akavuta kiti mbele hatua kadhaa kwenye kivuli, akakaa. Mimi sikujua kama hilo ni neno. Nikafinya.

Foto ilipotoka, ukuta wa nyuma ulikuwa mzuri sana. Ungeweza kuhesabu nyufa zake. Kulikuwa na mjusi juu ya ule ukuta, na mjusi alitoka vizuri kupita viumbe wote niliowahi kuwapiga tangu siku ile mpaka leo. Mbele yake kulikuwa na kitu kama moshi kilichovaa shela. Mama wa bibi-arusi akaishika foto, akaigeuza, akairudisha. "Mujusi iko muzuri," akasema. "Sasa mtoto wangu iko wapi?"

Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Kesho yake nilimwambia anifundishe yote, tangu kupima mpaka kusafisha foto gizani, na herufi hizi ninazokuandikia nilizipata humo humo, kwenye maboksi ya filimu na chupa za dawa. Ndiyo maana neno la kwanza nililojua kuandika ni la kuonya watu wasinywe.

Baadaye tukanunua hii ya kukunja, iwe ya uani, ya wanawake. Wakaja. Na hapo nikaanza kuwa fundi kwa namna ya watu wote waliojifunza juzi: nilikuwa nawapanga wateja kama magunia. Mkono huku, goti kule, tazama hapa. Baba yako alikuwa na sanduku la mapambo ya duka: mkufu, viatu vya kisigino, na ile saa ya mkono isiyotembea. Kila mwanamke aliyekaa kwenye kiti hiki nilimvisha ile saa. Niliona ndiyo heshima. Foto zikawa zinapelekwa Salamabila, kwa waume waliokuwa wanachimba dhahabu na kulala kwenye kambi za kampuni.

Asubuhi moja akaja mwanaume kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshika foto mbili. Alikuwa mume wa Mama Sefu, yule anayekaa nyuma ya soko. Hakusalimu.

"Nani iko fotografu hapa?"

Baba yako akasema ni yeye. Mimi nilisimama nyuma ya pazia, ambako ndiko ninakosikia vizuri.

"Hii bibi yangu. Hii bibi ya rafiki yangu, tunalala naye nyumba moja kule kambini. Angalia mikono. Saa moja, ile ile! Mimi sikumununulia saa. Rafiki yangu naye hakununua. Tumepigana siku nzima, kila mutu anasema mwenzake ndiye alituma saa kwa bibi ya mwingine. Sasa tumepatana: kuna mwanaume wa tatu, hapa Kasongo, mwenye saa nyingi."

Baba yako akainuka. Akafungua sanduku, akatoa ile saa, akamwekea kiganjani. Yule bwana akaisogeza sikioni. Akaitikisa. Akasikiliza tena.

"Haitembei."

"Haijatembea hata siku moja," baba yako akasema. "Lakini mikononi mwa wanawake imefika mbali kuliko mimi."

Akaitwa Mama Sefu. Akaja, akaambiwa habari yote, akamtazama mumewe toka vumbi la kichwa mpaka vumbi la miguu. "Umetembea toka Salamabila kwa sababu ya saa," akasema. "Mwaka jana nilipokuambia nina homa haukutembea." Kisha akanigeukia mimi: "Na weye mama, nipige tena. Lakini leo bila mali ya watu."

Nikamwuliza, basi unataka kukaa na nini? Lilikuwa swali la kwanza la maana nililowahi kumwuliza mteja, na lilinitoka kwa sababu tu sikuwa na la kusema. Akaenda nyumbani akarudi na mchi wa kutwangia mpunga. Ulikuwa wa mama yake, umelika katikati pale mikono inaposhika, umekuwa mwembamba kama kiuno. Akakaa nao. Sikumpanga. Mchi ulimpanga wenyewe: mikono ikaenda mahali inapopajua, mabega yakashuka, shingo ikasimama. Mumewe alipoiona ile foto akaiweka kifuani ndani ya shati, akabaki nyumbani mpaka mwezi ukaisha. Huko kampuni walimkata ujira, lakini hiyo ni hesabu yake na kampuni.

Tangu hapo ukawa unasikia ninavyowaambia wateja, "Njoo na chako." Wakaja na vyao. Nyungo, vinu, misahafu, chungu kisicho na mdomo. Mmoja alikuja na bata, nikacheka kimoyomoyo. Bata yule alikaa kwa adabu kuliko wake wa makarani, na mwenye bata alitoka anapendeza, kwa sababu mtu anayeshughulika na bata hana nafasi ya kushughulika na sura yake.

Nilidhani nimefika, Zaina. Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize, hata kama shangazi anakuvuta nywele.

Nilikuwa na ujanja mmoja niliouona mkubwa sana. Mteja akikaa anajikaza, si ndiyo? Pumzi ameifunga, macho ameyatoa. Mimi nilikuwa nasubiri, nasubiri, halafu nasema, "Haya, nimeshapiga. Ahsante." Yeye anapumua, anajiachia, anatabasamu, na hapo ndipo nafinya. Wateja walishangaa. "Mama Zaina ana jicho!" Neno lile lile la jicho ulilonitajia jana. Sikuwa na jicho, nilikuwa na uongo mdogo wa kila siku, nao uliniletea sifa, na sifa ikitoka kwa uongo huwa inakaa vizuri tu, mimi siwezi kukudanganya kwamba ilinikosesha usingizi.

Akaja Mama Mwajuma. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka fimbo yake tu. Alikuwa mkulima, mtu wa kule Wamaza, aliyehamia hapa kwa mdogo wake baada ya kufiwa na mume. Mwanawe wa kiume wa pekee alikwenda kwenye dhahabu bado hajaota ndevu, na hakurudi hata kusalimu. Alitaka foto imfikie kule. "Asinisahau sura," akasema. "Sauti ameshaisahau." Nilimkalisha, nikasubiri, nikasema nimeshapiga, akapumua, nikafinya. Ilitoka foto laini, nzuri, mama mzee anayetabasamu pembeni. Niliipenda mimi mwenyewe.

Akaisogeza machoni. "Huyu mutu ni nani?"

"Ni weye, mama."

"Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Ulisema imekwisha, nikaondoka. Ulipiga kiti."

"Lakini umependeza, mama."

"Hata maiti wanaipendezesha." Akaisukuma kwangu. "Mwanangu nilimwambia, siku ukiniona nitakuwa nakuangalia. Huyu anaangalia wapi? Anaangalia njia ya nyumbani. Naye ataona: mama amechoka na mimi, anataka kwenda zake."

Jua lilikuwa zuri, filimu ilikuwamo, na mimi nimesimama pale na sifa zangu zote, sijui nifanye nini na mikono yangu.

"Ile kitu unafinya," akasema. "Iko wapi?"

Nikamwonyesha mpira.

"Nipe."

"Mama, huu ndio unaopiga foto."

"Ndiyo nasema nipe."

Nikampa. Akauingiza chini ya kikwembe chake, ile nguo aliyojifunga, mkono na mpira, mrija ukapita chini ya kiti. Akakaa. Na akakaa. Kivuli cha ukuta kikaanza kumjia miguuni, nikamwomba tusogeze kiti. Akakubali, tukasogeza, nikapima umbali upya kwa kamba. Akakaa tena. Nikaona huyu mama anatafuta mahali pa kupumzika tu. Nikaenda jikoni kukoroga maharagwe, nikarudi. Nikamwuliza mwanawe alikuwa anapenda chakula gani. Akaanza kunieleza, namna mtoto alivyokuwa akicheza mbali mpaka mtoni, na yeye anasimama nyuma ya nyumba na mwiko mkononi anamwita ale, na yule mtoto anajifanya hasikii. "Nilikuwa namwita hivi," akasema, akanyanyua uso. Hakuita. Alifika tu pale mahali ambapo sauti inaanza, nikasikia kamera ikisema "tik." Yeye mwenyewe alikuwa amefinya.

"Sasa nimepiga," akasema. Akasimama, akachukua fimbo yake.

Foto ile unaijua. Ndiyo iliyo juu ya kabati, nakala ya pili. Hatabasamu, hajapamba. Nyusi zimepanda, mdomo unataka kufunguka, na macho yanakutazama wewe, popote utakaposimama, kama umechelewa chakula. Ya kwanza ilikwenda Salamabila. Mwanawe alifika mwezi wa Ramadhani, foto ameifunga kwenye leso, akapita hapa kuuliza nyumba ya mama yake iko upande gani. Akamwambia baba yako kwamba alipoifungua kule kambini alisikia njaa.

Toka siku ile mpira unakaa kwa mwenye sura. Sijawahi kuwaambia watu, na wateja wenyewe hawasemi, wanaona ni jambo la kati yetu. Ndiyo maana kwenye foto za uani kwetu kila mwanamke ana mkono mmoja umejificha. Unakumbuka yule madamu, mke wa Mzungu wa wilaya, alivyokuja dukani akazitazama zile za ukutani zote kwa mstari, akasema ni ajabu namna gani wanawake wa dini yenu wana haya, hata mkono wanaufunika? Baba yako aliinamisha kichwa kama shehe. "Ndiyo, madame. Haya nyingi sana." Na siku hizi nasikia mpaka Kindu wasichana wakienda kwa mafotografu wanaficha mkono mmoja, hawajashika chochote, wanasema ndiyo namna ya Kasongo. Waache. Nguo zote za watu zilianza hivyo hivyo.

Utaniuliza, kama mteja ndiye anayefinya, fundi anafanya kazi gani? Baba yako aliniuliza pia, na yeye aliuliza kwa uchungu kidogo, kama mtu aliyebeba miguu ya kamera toka kijiji mpaka kijiji. Sikuweza kumjibu siku ile. Sasa naweza kidogo. Ninauliza nyumbani anapenda kukaa wapi, mlangoni au ndani, nami natafuta mlango hata kama mlango ni mwanga tu. Naangalia miguu. Uso umefundishwa tangu utoto, vidole vya miguu havikwenda shule. Vikijikunja najua hajafika bado. Namwambia ninachoona: mama, upande huu wa shavu una kivuli, unapenda? Wengine wanapenda. Wengine wanasema hapana, huo upande ni wa mume wangu, nipige huu. Mara nyingine nanyamaza mpaka yeye anaona aibu kwa niaba yangu na kuanza kuzungumza. Mara nyingine nakwenda kukoroga maharagwe. Saa ya kwenda na saa ya kurudi siwezi kukufundisha. Mwili unaijua tu, kama unavyojua mtoto ameamka kabla hajalia. Nilikosea mara nyingi, na bado nakosea. Mwezi uliopita nilimrudia mteja mapema mno, akafinya kwa mshtuko, ametoka kama mtu aliyekanyaga siafu. Ameipenda. Sielewi, lakini ni yake.

Sasa nije kwako na hilo jicho.

Masika, nilipolala na homa, alikuja Mama Sofia muuza mikate ya mchele. Mama Sofia, ambaye watoto wakimwona wanabadilisha njia. Ambaye baba yako anamwita "polisi" na kununua mkate wake kwa woga. Nilikuwa kitandani, nikakusikia unamkaribisha, unaweka kiti, unampa mpira. Kisha nikasikia mnaongea chini chini. Kisha nikasikia kitu nilichodhani ni homa yangu: Mama Sofia anacheka. Si kucheka kwa adabu. Kucheka kwa kushika mbavu, kwa kupiga goti, kiti kinalia.

Jioni nikakuuliza imetokaje. Ukasema, "Imeharibika, mama. Amesogea. Nitampiga tena." Ile filimu ukaificha chini ya karatasi za kufungia, kwenye boksi la dawa zilizokwisha. Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kuficha vitu kwenye lile boksi. Ungechagua pengine.

Niliisafisha wiki hii, wewe ulipokuwa unapakwa hina. Mkono wake mmoja umekuwa moshi, kweli, kwa sababu alikuwa anapiga goti. Kichwa kimeenda nyuma. Lile pengo la jino analolificha kwa midomo tangu tumjue liko wazi kama mlango wa soko. Na mkono mwingine uko chini ya kikwembe, kwa hiyo najua hakuna aliyemwibia: alifinya mwenyewe, katikati ya kicheko, kwa kukusudia.

Nikampelekea. Alikuwa anageuza mikate. Akapangusa mikono, akaishika kwa ncha.

"Polisi," nikataka kusema, nikaogopa.

Akaitazama mpaka mkate mmoja ukaungua. Sijawahi kuona mkate wa Mama Sofia umeungua. "Hiki kicheko ni cha marehemu dada yangu," akasema. "Nilidhani alikwenda nacho." Halafu akaniuliza kwa ukali wake uleule, "Iko ngapi za namna hii?"

"Moja, mama."

"Nataka tatu."

"Zaina anasema imeharibika."

"Mwambie Zaina asinichekeshe mara ya pili, nina pengo." Na akaanza tena, palepale, mbele ya wateja wake.

Nikamwuliza, yule mtoto wangu alikuambia nini siku ile? Akakataa kusema. Nimemwuliza mara mbili, nikanunua na mikate. Anasema hiyo ni ya mwenye sura na mwenye kupiga, mimi ninataka nini katikati. Na wewe sikuulizi.

Lakini nikuambie: kwa miaka yote hii, mbele yangu watu wamekaa kwa fahari, wamekaa kwa huzuni nzuri, wamekaa kama wanaita watoto. Hakuna hata mmoja aliyecheka hivyo. Mimi sichekeshi watu, nawaangalia tu mpaka wachoke. Nilipoiona ile foto nikatoka kwenye kile chumba cha giza nikasimama uani, nikakuonea wivu. Kidogo, kama chumvi. Halafu nikafurahi, na mpaka leo sijaacha kufurahi, ndiyo maana shangazi zako wananiuliza mama gani huyu anayetabasamu peke yake mwana akiondoka.

Mume wako nimemwangalia pia, usidhani sikumwangalia. Alipokuja kupigwa foto na baba yako, Ramazani alikunja koti lake vizuri kabla ya kukaa, akaliweka mapajani, akasema anataka likae hivyo kwenye foto kwa sababu ndilo la kwanza alilolishona. Nikasema sawa, huyu amekuja na chake bila kuambiwa. Kisha nikamvizia mlangoni, nikamwuliza kwa mbali, kule kwenu mwanamke mwenye kamera angeonekanaje? Akafikiri kama fundi cherehani anavyofikiri, kwa kutazama mshono. "Mama," akasema, "nyumba iko na vyumba viwili. Cha nyuma kina dirisha moja tu, dogo. Tunaweza kuliziba." Sikumwambia chochote kuhusu chumba cha giza. Yeye mwenyewe alikuwa ameshamwuliza baba yako.

Usinionee huruma kwamba nitabaki bila. Ile kubwa ya baba yako ipo, na mgongo wake umeanza kulalamika. Yeye atabaki na ndege yake, mimi nitachukua kamera. Hajui bado.

Sasa kuhusu kesho. Kamyo itapita baada ya swala ya alfajiri, dereva nimeshasema naye, atasubiri mpaka mwanga ushuke kwenye ukuta huu. Ukitoka chumbani utakuta kamera imesimama hapa uani, imefunguliwa, imepimwa. Ndani yake filimu imebakiza nafasi moja. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye hiki kiti, na mkono mmoja chini ya kikwembe. Sikuwahi kukaa hapa mbele ya kamera tangu nianze kazi hii, na nasema kweli, vidole vyangu vya miguu vimeshaanza kujikunja.

Wewe simama nyuma ya kamera. Ukitaka kusogeza kiti, sogeza. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kuniambia lile ulilomwambia Mama Sofia, sitakataa. Nitafinya mwenyewe, na nitafinya wakati ninaoujua mimi.

Na hatutakuwa na nafasi ya kuisafisha, kamyo itakuwa inanguruma. Foto itabaki ndani ya kamera. Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kuniona nimetokaje, itakubidi uibebe mpaka Kabambare, umwambie Ramazani azibe dirisha, uifungue mwenyewe gizani.

Mama yako, nimekaa, nakungoja